Riviu: mashine za masikio za mzee wangu aliyepigana Kagera, miezi mitano baadae

Nilitaka kuandika siku ileile tuliyotoka dukani nikajizuia, maana mashine ya masikio ukiisifia wiki ya kwanza ni sawa na kuisifia ndoa siku ya sendofu. Nimesubiri miezi mitano, betri zimeisha tumenunua zingine, imenyeshewa, imedondoka kwenye beseni la vyombo mara moja, sasa naona naweza kuongea. Jina la duka silitaji hapa, mwenye mzee mwenye shida kama ya wangu anifuate inbox nitamwelekeza, lipo mjini Dar, ghorofa ya pili, na hiyo ghorofa tutaizungumzia.

Kwanza mumjue mteja mwenyewe. Baba yangu ni mstaafu wa JWTZ, ni katika wale waliovuka mpaka kuingia Uganda mwaka 1979 kumpiga Idi Amin, wakaenda kwa miguu mpaka Kampala. Ile hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, uwezo tunao sababu tunayo na nia tunayo, yeye hakuisikia redioni kama babu zenu, anasema wakati huo walikuwa tayari kwenye malori. Ukitaka akusimulie vita anakusimulia habari za matope, mvua na ndizi, mambo mengine anaruka. Masikio yake yameanza kupungua zamani sana, sisi watoto tumekua tunajua baba ni mtu wa kuongea kwa sauti ya juu na tv yetu inasikika mpaka kwa jirani wa tatu. Tulidhani ndo tabia ya wanajeshi. Kumbe mtu alikuwa hasikii.

Kilichonifanya niamke ni uhakiki wa pensheni. Alienda peke yake ofisi fulani, yule wa dirishani anaongea kainamisha kichwa kwenye makaratasi, kioo katikati, akamwambia mzee rudi saa sita. Mzee akasikia saa tisa. Hebu yatamkeni wenyewe, sita, tisa, ukiondoa zile s na t kinachobaki ni i na a tu, hakuna tofauti. Akaenda zake kukaa chini ya mwarobaini anasubiri, saa tisa anarudi dirisha limefungwa, na siku ya mwisho ilikuwa hiyohiyo. Pensheni ikasimama miezi miwili mpaka tulipokuja kuihangaikia. Na hakulalamika, alichosema ni "nilichelewa", kama kijana wa depo. Mi nikalia chooni.

Sasa tuje kwenye manunuzi. Nimetupa hela mara mbili kabla ya kufika hapa na nataka nyie msitupe.

Mara ya kwanza nilinunua kale kakifaa wanakotembeza mitandaoni, elfu thelathini na tano, kanafanana na mashine kabisa, kana rangi ya ngozi. Ile sio mashine ya masikio, ile ni kipaza sauti. Inakuza KILA kitu sawasawa, feni, bodaboda, mlango, mtu anayekohoa, afu ikikaa vibaya inapiga mluzi hata mbwa wa mtaa anashtuka. Mzee alivaa siku mbili akaiweka kwenye droo ya misumari. Ukikaribia droo ile unaona kaifungia na mpira, kama vile itatoroka.

Mara ya pili tukaenda duka moja la maana, lina AC na sofa, kijana wa mauzo kavaa tai. Tangu tumeingia mpaka tunatoka yule kijana aliongea na MIMI. "Dada mzee ana miaka mingapi, dada mzee anasikia upande gani, dada bajeti yenu ikoje." Mzee kakaa pale pembeni kama mzigo niliokuja nao. Vipimo vyenyewe dakika kumi, mlango wa chumba uko wazi, tunasikia honi za barabarani. Akatutajia mashine za milioni tatu na laki nne, ndogo hazionekani kabisa. Mzee akanigusa mkono akasema twende. Tulipofika nje akaniambia yule mtoto anauza, hatibu. Basi.

Hili duka la tatu tuliambiwa na mama mmoja tuliyekaa naye kwenye foleni ya macho hospitali. Tukapiga simu, wakatupa apointimenti kesho yake saa nne asubuhi, na nampa hongera aliyepokea simu, alirudia muda mara mbili akauliza kama mgonjwa ataweza kupanda ngazi. Jibu lilikuwa hapana sana, ila tulienda.

Mapokezi alikuwepo dada wa kawaida tu, akasimama, akamwamkia mzee shikamoo baba, karibu, na alimwangalia usoni wakati anaongea. Hiyo kitu inaonekana ndogo mpaka uishi na mtu asiyesikia. Mtu asiyesikia anasoma mdomo wako hata kama hajui kwamba anausoma, ukigeuka unakuwa umezima taa. Nilipojaribu kujibu kwa niaba ya baba kama nilivyozoea yule dada akaniambia kwa upole, dada naomba nimsikie baba mwenyewe. Niliona aibu kidogo. Miaka mingapi nimekuwa nikimjibia?

Mtaalamu aliyempima ni binti mdogo, nadhani hajafika thelathini. Akaanza na kuangalia ndani ya sikio, akatoa nta (iliyotoka upande wa kulia sitaielezea hapa mnaweza kuwa mnakula), afu akampeleka kwenye kile kichumba cha kuzuia sauti, headphone kichwani, kitufe mkononi, ukisikia mlio hata kama ni wa mbali bonyeza. Vipimo vikachukua karibu saa nzima. Mzee anakaa mle mgongo umenyooka utadhani yuko lindoni.

Ikatoka ile grafu yao. Sikio la kulia linachorwa kwa viduara vyekundu la kushoto kwa misalaba ya bluu, na mistari yote miwili inaenda vizuri vizuri mpaka unafika sauti nyembamba, kwenye hezi 4000 hivi, inaporomoka kama korongo. Na ya bluu imeporomoka zaidi. Yule binti akaitazama, akamwangalia mzee, akauliza, "Baba, wewe bunduki ulikuwa unapiga kwa bega la kulia eeh?"

Mzee akanigeukia mimi. "Umemwambia?"

Sijamwambia kitu. Fomu walijaza kazi, mstaafu, basi. Binti akaelezea kwamba masikio ya kelele ya ghafla kama risasi na mizinga yana alama yake, yanachimba shimo pale kwenye sauti nyembamba, na mtu anayeweka kitako cha bunduki bega la kulia sikio lake la kushoto ndo linaelekea mdomo wa bunduki, la kulia linakingwa na kichwa, hivyo la kushoto linaumia zaidi. Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo vya kupokea sauti, vikishavunjika havioti tena, hakuna dawa wala maombi wala mafuta ya kitunguu saumu. (Mafuta ya kitunguu saumu tulishajaribu. Samahani baba.)

Mzee alikaa kimya kidogo afu akaanza kuongea na sio na mimi, na binti. Kwamba ndio, alikuwa na SMG, lakini kilichomaliza masikio sio hiyo, ni kukaa karibu na mizinga. Kwamba wale wa mizinga waliwafundisha kuziba masikio na kufungua mdomo kabla haujalia, lakini mzinga wa adui haukupi taarifa. Kwamba Lukaya, usiku ule wa tarehe 10 Machi walipokutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, ilifika wakati anaona wenzake midomo inafunguka na hasikii kitu, akadhani amekufa. Asubuhi sauti ikarudi kidogo, na nyenje wakaingia. Nyenje ndo anavyouita ule mlio wa ndani ya sikio. Wako masikioni mwake tangu 1979 mpaka leo, usiku na mchana, na alikuwa anadhani kila mtu anawasikia.

Miaka yote hiyo hatujawahi kusikia habari za nyenje. Mama hajawahi kusikia. Binti wa watu kauliza swali moja la kazi na kapewa yote.

Akamwambia ukweli pia na hili nampa maksi, akasema baba hao nyenje siwezi kuwatoa, ila watu wengi wakianza kusikia sauti za nje hao wa ndani wanapungua makelele. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Mashine tulizochukua ni zile za kukaa nyuma ya sikio, mbili. Yeye mwenyewe binti ndo alitushauri tuache zile ndogo za kuzama ndani, kwa sababu vidole vya mzee vinatetemeka na betri zake ni kama punje. Hizi zinatumia betri namba 13, zenye stika ya rangi ya chungwa. Wakamjaza sikio ule udongo laini wa kuchukulia umbo, unasubiri unakauka wanautoa, wanaenda kutengeneza kizibo cha sikio lake yeye na sio la mtu mwingine. Siku kumi na mbili tukaitwa kuvaa. Bei kwa zote mbili ilikuwa milioni moja na laki tisa, ikashuka, nitaeleza ilivyoshuka. Bima yake ililipia vipimo tu, mashine tukaambiwa jitegemeeni. Watoto sita tukachanga kwenye grupu la wosapu, mmoja bado anadaiwa na anajijua.

Siku ya kuvaa. Binti kaunganisha na kompyuta, anapandisha zile sauti nyembamba tu zilizozikwa, zile nene anaziacha, hapo ndo tofauti na kale kakifaa ka elfu thelathini na tano. Akaziwasha. Mzee akakaa. Afu akatazama dirishani akasema, "Hawa kunguru wamekuwa wengi hivi lini?"

Mnaoishi Dar mnaelewa. Kunguru wa Dar wanakupigia kelele alfajiri mpaka magharibi na baba yangu alikuwa amewasahau.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu na ndo maana nimesubiri kuandika. Alikuwa anasikia sahani kama mabomu. Kandambili za mjukuu koridoni zinamkera. Mvua kwenye bati akazivua. Ubongo uliozoea ukimya miaka arobaini haurudi kwa siku moja, waliagiza avae masaa mawili, kesho matatu, aanzie ndani na mtu mmoja anayeongea taratibu, kanisani na sokoni mwisho kabisa. Mzee akaifuata kama amri ya kikosi, ana daftari, anaandika saa ya kuvaa na saa ya kuvua. Baada ya mwezi tv ikashuka kutoka 60 mpaka 22. Jirani wa tatu amenishukuru.

Kuna jambo lilitokea nikakumbuka 2011. Sisi ni wa Gongo la Mboto, ile usiku wa tarehe 16 Februari mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka, watu mtaani wanakimbia ovyo kuelekea barabarani, baba hakuwa amesikia milipuko ya kwanza kama tulivyosikia sisi, aliisikia kwa miguu, kwa sakafu. Akatoka chumbani akasema hilo ni ghala, laleni chini ukutani, mtu asiende dirishani. Tulilala pale kwa masaa. Juzi transfoma ya mtaani imelipuka usiku, na mashine kazivaa. Alidondoka chini mwenyewe, peke yake, kabla hatujajua ni nini. Akanyanyuka anafuta magoti anacheka, lakini mikono haikucheka. Nimempigia binti wa mashine kumuuliza, akasema mashine hizi zinashusha zenyewe sauti kubwa ya ghafla ila atazipunguza zaidi, tumpeleke, na akanishauri pia kuhusu mtu wa kuongea naye, mshauri wa mambo ya akili, akasema kwa wazee wa vita sikio na usingizi mara nyingi vinaenda pamoja. Hajatoza kitu kwa marekebisho hayo. Kuhusu mshauri mzee amesema atafikiria, kwa mzee wangu hiyo ni hatua ya kilomita nyingi.

Sasa malalamiko, na ninayo.

La kwanza, punguzo. Ukutani wameandika wastaafu wa majeshi wanapunguziwa asilimia kumi, nikafurahi, nikaenda kaunta, yule wa hela (sio dada wa mapokezi, mwingine) akadai kitambulisho cha mstaafu. Cha mzee kimefutika, picha inaonekana kama kivuli. Akasema hapana, hiki hakisomeki. Mzee ana bahasha yake ya kaki anayotembea nayo kila ofisi ya nchi hii, akaanza kutoa, barua ya kustaafu, picha, mpaka medali yake akaiweka kaunta. Jamaa anaigeuza geuza medali kama sarafu ya kigeni. Mzee akamwambia, "Amin hakuniuliza kitambulisho." Watu walicheka, mimi sikucheka sana. Meneja akaja, akasoma ile barua, akatoa punguzo na akaomba radhi kwa baba, na sio kwangu. Laki moja na elfu tisini ikatoka.

Ila fikirieni wasio na bahasha. Wakati ule wa vita jeshi lilikuzwa kwa wiki chache kutoka watu chini ya 40,000 mpaka zaidi ya 150,000, na waliojazia ni mgambo, polisi, magereza, vijana wa JKT. Mgambo wengi walitoka shambani wakarudi shambani. Yupo mzee mmoja kwetu kijijini alipigana na baba hatua kwa hatua, masikio ndo yaleyale, na hana karatasi hata moja inayosema alikuwepo. Akija hapa atalipa bei kamili. Nilimwambia meneja hivyo, akasema wataangalia. Naandika hapa ili waangalie kweli.

La pili, betri. Pakiti ya sita elfu kumi, kila betri inakaa kama siku kumi, na mara mbili tumeenda zimeisha. Pigeni simu kwanza. Na ukishabandua ile stika betri imeanza kazi hata usipoitumia, inavuta hewa, iache dakika kama tano ndo uweke. Mjukuu alibandua zote sita kwa mpigo akajipamba nazo usoni, hasara.

La tatu, unyevu. Joto la Dar na jasho vinaua hizi mashine. Usiku zinalala kwenye kikopo chenye vile vidonge vya kunyonya maji ambavyo walitupa bure. Usiweke kwenye mchele kama simu, vumbi la mchele linaziba vitundu, hii nimeambiwa baada ya kuweka kwenye mchele.

Risepsheni wanaweka redio kwa sauti. Duka la wasiosikia. Sijui nisemeje.

Tarehe 25 Julai, siku ya Mashujaa, alivaa koti lake akakaa mbele ya tv kama kila mwaka. Zamani alikuwa anaangalia picha tu, Rais anaweka mkuki na ngao, askari wanainamisha bunduki. Safari hii tarumbeta ilipolia akainua mkono kuninyamazisha, na mi nilikuwa nimeshanyamaza. Ilipoisha akasema yule mpiga tarumbeta kateleza mahali pamoja. Simu zake zikaanza kuingia, wazee wenzake, na akaongea na kila mmoja bila kunipa mimi niwasikilizie. Mmoja alimkumbusha zile roketi zetu za Katyusha ambazo Waganda walizibatiza Saba Saba, wakacheka mpaka akakohoa. Kila mwaka maonyesho ya Sabasaba yakifika huwa anatabasamu peke yake, leo ndo najua kwa nini.

Nyenje anasema wapo, ila wamehamia mbali kidogo, kama ng'ambo ya mto.

Huduma, nyota tano kwa binti wa vipimo na dada wa mapokezi, mbili kwa yule wa hela. Mashine zenyewe nne. Jumla mimi natoa nne. Mzee nimemsomea hii yote kwa sauti ya kawaida, ametaka niandike kwamba yeye anatoa tatu, kwa sababu lifti hakuna na ngazi ni 41, amezihesabu kwenda na kurudi.